Ushirika, Ushirikiano, Ushirikishwaji: Lugha ya Mazingira baina ya Chuo Kikuu na Mitaa ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Kwa miongo mitatu sasa, istilahi mbili zimeingia katika maandiko mengi yanayohusu uhusiano wa vyuo vikuu vyetu na watu wanaoishi karibu navyo. Istilahi hizo ni uendelevu na ushirikishwaji wa jamii. Zimo katika mipango ya vyuo, katika maombi ya fedha za utafiti, katika vibao vinavyosimikwa kando ya miti iliyopandwa siku ya maadhimisho, na katika hotuba za wageni rasmi. Makala haya yanazichunguza kwa jicho la isimu. Hoja yake kuu ni kwamba umbo la neno ushirikishwaji linaeleza kwa usahihi mahali anapowekwa mkazi wa Kinondoni au Temeke katika kazi nyingi za mazingira zinazoanzia chuoni. Ziko kazi ambazo hazikumweka hapo, na tutazitazama vilevile. Hatudai kwamba neno ndilo lililosababisha hali hiyo. Neno ni dalili, na mganga hapuuzi dalili.

Suala hili si la nadharia tupu kwa jiji la Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyojengwa bila mpango, ambako maji ya mvua, majitaka na takataka hupita njia moja. Vyuo viko katikati ya makazi hayo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 katika jengo la Mtaa wa Lumumba kikahamia kilimani mwaka 1964. Eneo hilo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la Kinondoni, sasa limo katika Wilaya ya Ubungo iliyomegwa humo. Jirani yake kipo Chuo Kikuu cha Ardhi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina makao yake Kinondoni. Upande wa Temeke, tangu mwaka 2005 kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu pale Chang'ombe. Jina la Mlimani lenyewe lina fundisho kwa anayeshughulika na mazingira: maji ya mlimani huteremka. Kijito cha Mlalakuwa hupokea maji ya eneo la vyuo hivi, kikapita katikati ya nyumba za watu na kumalizikia baharini. Kwa hiyo mhadhiri aliye juu na mama lishe aliye chini ni majirani kwa njia ya maji, wapende wasipende.

2.0 Mnyambuliko wa kitenzi na nafasi ya mwananchi

Tuanze na umbo. Kitenzi shiriki, chenye asili ya Kiarabu, kimezaa katika Kiswahili nomino kadhaa za dhahania. Tatu kati yake zinatuhusu hapa:

(1) shiriki > ushirika
(2) shiriki > shirikiana > ushirikiano
(3) shiriki > shirikisha > shirikishwa > ushirikishwaji

Nomino ya kwanza imekaa karibu sana na mzizi. Katika Tanzania ya miaka ya 1960 na 1970, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndiyo iliyotawala: vyama vya ushirika, maduka ya ushirika, shamba la ushirika. Nomino ya pili imebeba kiambishi cha kutendana. Haiwezekani kushirikiana peke yako; lazima pawepo pande mbili, na kila upande ni mtenda na mtendwa kwa wakati mmoja.

Nomino ya tatu ni tofauti. Kiambishi -sh- cha kusababisha kinaleta mtu mwingine katika tendo: shirikisha ni kumfanya mwingine ashiriki. Kisha kiambishi -w- cha kutendwa kinamwondoa mtu huyo asionekane. Msomaji wa sentensi kama "ushirikishwaji wa jamii utazingatiwa" anaambiwa kwamba jamii itafanywa ishiriki. Haambiwi nani atakayeifanya ishiriki, wala katika jambo gani, wala nani alilianzisha. Ni kweli kwamba lugha inayo nomino ushirikishaji, inayobakiza mtenda, na pia ushiriki, isiyo na msababishi hata kidogo. Hata hivyo zote mbili zimeachwa nyuma na umbo lile la kutendwa. Anayetaka kuthibitisha achukue andiko lolote la mradi lililo mezani pake na kuhesabu.

Wala ushirikishwaji haukusimama peke yake. Ukikusanya vitenzi ambavyo wananchi ni yambwa yake katika maandiko ya aina hii, utapata orodha inayofanana mno: kuwahamasisha, kuwaelimisha, kuwawezesha, kuwashirikisha, kuwajengea uwezo. Vinne vya mwanzo ni vya kusababisha, na cha tano, ingawa ni cha kutendea, kinafanya kazi ileile. Ukikusanya vitenzi ambavyo wananchi ni kiima chake, orodha inakuwa fupi: wanatakiwa, wanapaswa, wanaombwa, wanalalamika. Mwananchi wa maandiko haya hutendewa mema, huwajibika, na mara mojamoja hunung'unika. Hagundui kitu, hapendekezi, hakatai.

Linganisha na lugha ya mkutano wa mtaa wenyewe. Mwenyekiti wa mtaa anayetaka mtaro uzibuliwe kabla ya masika hasemi kwamba atawashirikisha wakazi katika uzibuaji. Atasema kwa namna ya mfano ufuatao:

(4) "Jamani, mvua hizo zinakuja. Tupeane zamu, tuchangiane vifaa, na asiye na nguvu atoe maji ya kunywa."

Vitenzi viwili vya mwanzo vina kiambishi -an-. Kuna pia kusaidiana, kulindana, kuzikana, kukopeshana, kuambiana. Kiswahili cha mtaani kimejaa kauli ya kutendana kwa sababu maisha ya mtaani yanaendeshwa kwa kutendana: upatu, mchango wa msiba, zamu ya ulinzi. Hii ni sarufi kamili ya kazi ya pamoja, na haikusubiri kufundishwa na mtu.

Tukigeukia uendelevu, hali ni nyingine, na hapa nakiri kwamba wanaistilahi walifanya kazi nzuri kuliko wanavyosifiwa. Kivumishi endelevu kimeundwa kwa utaratibu wa zamani wa lugha, ule uliotupatia tulivu kutoka tulia, sikivu kutoka sikia, legevu kutoka legea na vumilivu kutoka vumilia. Vivumishi hivi hutaja tabia iliyomo ndani ya kitu chenyewe. Mtu mvumilivu havumilishwi; uvumilivu ni wake. Neno la Kiingereza lililokuwa likitafsiriwa lina maana ya kitu kinachoweza kudumishwa, yaani huenda kuna mtu wa nje anayekidumisha. Kiswahili kilichagua maana ngumu zaidi: kitu chenye mwendo wake. Kwa kipimo hicho, mradi unaosimama siku mfadhili anapofunga ofisi hauwezi kuitwa endelevu kwa Kiswahili, hata kama tafsiri yake ya Kiingereza ingeruhusu. Kwamba maendeleo endelevu ni kurudia mzizi mmoja mara mbili (zote zatokana na endelea, nayo yatokana na enda) ni jambo ambalo wanafunzi hucheka kila mwaka. Wacheke, lakini kurudia mzizi si kosa katika lugha hii.

Kuna basi mgongano ndani ya kirai kimoja tunachokisoma kila siku, yaani "ushirikishwaji wa jamii katika maendeleo endelevu". Neno la mwisho linadai kitu kiende chenyewe. Neno la kwanza limekwisha kusema kwamba kinasukumwa.

3.0 Kampeni za redio za miaka ya 1970

Isidhaniwe kwamba lugha ya kupanga mazingira ilikuwa hivi tangu mwanzo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi ilipopewa sheria yake mwaka 1975, iliendesha kampeni za redio zilizofuatwa na vikundi vya kusikiliza na kujadili nchi nzima. Iliyojulikana zaidi ni Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyofikia watu wapatao milioni 2. Walisikiliza, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka na kufukia madimbwi ya mbu. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, na mwaka 1980 Misitu ni Mali.

Mwanaisimu anaona mara moja kwamba majina hayo ni sentensi. Kila moja ina kiima, kishirikishi "ni" na kijalizo. Sentensi inaweza kukubaliwa au kupingwa. Mkulima anaweza kusimama kikundini akauliza, misitu ni mali ya nani? Kirai nomino kirefu cha aina ya "Usimamizi Shirikishi wa Rasilimali za Misitu" hakipingiki, kwa kuwa hakijasema kitu. Nisieleweke kuwa nazipamba kampeni zile. Zilitoka juu kwenda chini, ziliandaliwa chini ya chama kimoja, na kipindi hichohicho kilishuhudia watu wakihamishwa vijijini kwa nguvu. Hata hivyo, kuhusu lugha, waandaaji wake walidhani msikilizaji ana akili ya kupima kauli. Dhana hiyo imefifia katika miongo iliyofuata, wakati ambapo kwa maneno tunawaheshimu wananchi kuliko wakati mwingine wowote.

4.0 Mahakamani na mtaroni

Mifano miwili kutoka Dar es Salaam inaonyesha wakazi wakiwa watenda, mmoja bila chuo na mwingine pamoja na chuo.

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililokuwa likiwaka moto na kufukiza moshi katika nyumba zao. Walishinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi mahakama ilipokataa na kusema kwamba kuwaachia watu hewa ya namna ile kunagusa haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani, katika Kinondoni. Mwaka 1991 wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye taka zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni katika Temeke, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Ukiifuata njia hiyo kwenye ramani utaona jalala likisogea kila mara kuelekea kwa watu wenye sauti ndogo zaidi.

Kesi hizi huwa hazitajwi katika maandiko ya ushirikishwaji, ingawa ni vigumu kupata mfano mkubwa zaidi wa jamii kushiriki katika usimamizi wa mazingira ya jiji hili. Sababu, kwa maoni yangu, ni ya kisarufi pia: hakuna aliyewashirikisha. Walishiriki. Tuongeze kwamba hukumu zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Neno walilokuwa nalo wakazi ni kero, lenye uzito wa kuchokoza na kuchosha kila siku. Sheria ilikuwa na istilahi yake ya Kiingereza ambayo hadi leo wanafunzi wetu wa tafsiri hubishana kama iitwe kero, udhia au usumbufu. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yamefungua mlango, na kazi ya istilahi za mazingira mahakamani ndiyo kwanza imeanza.

Mfano wa pili ni wa Hananasif, katika Kinondoni, makazi yaliyo ukingoni mwa bonde la Msimbazi, ambayo ripoti huyaandika Hanna Nassif. Katika miaka ya 1990 Chuo cha Ardhi kilishirikiana na wakazi hao, Jiji na mashirika ya kimataifa, likiwemo Shirika la Kazi Duniani, kujenga mitaro ya maji ya mvua na barabara za ndani. Chuo hicho mwaka 1996 kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2007 kikawa Chuo Kikuu cha Ardhi. Kilichoutofautisha mradi huo ni mkataba. Chama cha maendeleo cha wakazi kiliingia mkataba wa kazi kama anavyoingia mkandarasi. Wakazi, wanawake kwa wanaume, walichimba, walijenga kwa mawe, walilipwa ujira, na walisimamia hesabu. Wataalamu wa chuo walikuwa washauri wa ufundi.

Angalia vitenzi: walichimba, walijenga, walilipwa, walisimamia. Hata pale mkazi alipokuwa mtendwa, alitendwa kwa kulipwa. Neno mkataba lilileta usawa ambao neno ushirikishwaji haliwezi kuuleta, kwa sababu mkataba una pande mbili zinazoweza kudaiana. Si kwamba Hananasif iligeuka pepo. Mtaro uliojengwa vizuri bado hupokea taka za walio juu yake, na matengenezo yana tabia ya kusahaulika pindi picha za uzinduzi zinapokwisha kupigwa. Lakini mtu aliyejenga mtaro kwa mikono yake anajua jina la kila sehemu yake, na akiitwa mkutanoni ana la kusema.

5.0 "Taka ngumu" na maneno mengine

Umbali baina ya chuo na mtaa unaonekana vilevile katika msamiati. Mfano ulio wazi ni taka ngumu. Kwa mtaalamu, istilahi hii inatenganisha taka zisizo majimaji na majitaka. Kwa mama wa Mbagala anayeambiwa atenge taka ngumu, swali la kwanza ni kama ganda la ndizi lililooza ni gumu. Makombo ya wali ni magumu? Yeye anazo taka zinazooza na zisizooza, zinazouzika na zisizouzika: chupa za plastiki na vyuma chakavu vina mnunuzi, maganda hayana. Mgawanyo wake umejengwa juu ya kile kinachoweza kufanywa na taka, nao unafaa zaidi kwa kazi ya kutenganisha kuliko ule wa istilahi rasmi. Tangu mwaka 1994, ukusanyaji wa taka katika kata 10 za katikati ya jiji ulipokabidhiwa kampuni binafsi, na baadaye vikundi vya wakazi vilipoingia katika kazi hiyo kwenye kata nyingine, maneno ya wazoaji yamekuwa yakizidi kukua. Maneno haya hayamo katika kamusi zetu.

Hali ya majitaka ni ya kuvutia zaidi. Ripoti husema "utiririshaji holela wa majitaka". Wakazi husema kutapisha choo, yaani kutoboa karo mvua kubwa inaponyesha ili maji yabebe yaliyomo. Kitenzi hiki ni cha kusababisha, na picha yake haihitaji maelezo. Watu wanaoingia shimoni kwa mikono kuzoa kinyesi huitwa vyura. Maneno haya mawili yanaeleza uchumi mzima wa usafi katika makazi ambayo gari la kunyonya haliwezi kufika: nani analipwa, wakati gani wa mwaka, na kwa nini kipindupindu hufuata masika. Mtafiti anayeuliza kwa dodoso kuhusu utiririshaji holela atajibiwa hapana na kila kaya. Akiuliza ni lini watu hutapisha, atapewa mwezi.

Kinyume chake, elimu ya chuo nayo imekwama juu kwa kukosa neno. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti wa kusafisha majitaka kwa kuyapitisha katika vitanda vya kokoto vilivyopandwa matete, karibu na mabwawa ya majitaka ya chuo chenyewe. Teknolojia hii haihitaji umeme mwingi wala dawa za bei kubwa. Jina linalotumika ni ardhioevu ya kutengenezwa. Ardhioevu ni neno lililoundwa kwa uangalifu, lakini msikilizaji wa Changanyikeni au Makongo anayajua tayari kinamasi, tindiga na matete, na akitajiwa ardhioevu anafikiri anaambiwa habari ya mbuga za wanyama. Vivyo hivyo tabianchi, ambalo masikioni mwa wengi hugawanyika kuwa tabia ya nchi, wakauliza nchi imekuwa na tabia gani. Sisemi maneno haya yafutwe. Istilahi zina kazi yake katika sheria na vitabu. Kosa ni kuzipeleka mkutanoni bila kusindikizwa na neno la nyumbani.

Pengine mfano wa mafanikio ni wa mifuko. Katazo la mifuko ya plastiki la tarehe 1 Juni 2019 lilifika kila genge la Temeke kwa haraka ya kushangaza. Watu walikuwa na neno lao, rambo, na hapakuwa na shaka ni kitu gani kimekatazwa.

6.0 Ramani na mashina

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na baadhi ya waliopoteza makazi bondeni walihamishiwa Mabwepande. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi walikuwa wameshirikiana na wakazi wa Tandale kuchora ramani ya mtaa wao, ambao katika ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Kutoka kazi hiyo ulikuja mradi wa Ramani Huria wa mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wakazi, walichora nyumba, vichochoro na mitaro ya kata zinazofurika na kuziweka ramani hizo wazi kwa yeyote kuzitumia. Jina lenyewe limechaguliwa vizuri. Huria tulikuwa nalo katika soko huria na katika Chuo Kikuu Huria, na lina maana ya kitu kisichofungiwa.

Jambo linalostahili kuangaliwa na wanaisimu ni lile la mashina. Kata na mitaa ina mipaka rasmi. Chini ya mtaa kuna shina, lenye mjumbe wake, urithi wa mpango wa nyumba kumi kumi wa enzi ya TANU. Mjumbe anajua shina lake linaanzia kwenye mwembe gani na kuishia kwa duka la nani, lakini mpaka huo haukuwa umeandikwa popote. Mgonjwa akifika zahanati akiwa na kipindupindu hana namba ya nyumba wala jina la barabara; anajua mjumbe wake ni nani. Wachora ramani walipotambua hilo walianza kutembea na wajumbe na kuchora mipaka ya mashina kwa maelezo yao. Hapa mkazi hakuulizwa maoni yake juu ya dhana iliyotoka chuoni. Dhana ilikuwa yake, na chuo kilileta kifaa cha kuichora. Tofauti ni kubwa.

Majina ya mahali nayo ni ramani ya aina yake. Mtoni, Kijitonyama, Bonde la Mpunga: aliyesikiliza majina haya vizuri angejua pa kutojenga. Mpunga hauoti pakavu. Mikocheni ilikuwa na mikoche. Majina mengine yanapotosha kabisa. Jangwani ni bonde la mafuriko, na mgeni anayetegemea kamusi angedhani ni mahali pa kiu. Utafiti wa majina ya mitaa ya Dar es Salaam kwa lengo la kujua mikondo ya zamani ya maji ni kazi ambayo mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili angeweza kuianza kwa kuwahoji wazee, kabla wazee hao hawajaondoka.

7.0 Kazi iliyo mbele ya idara za Kiswahili

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004, na kanuni zake za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka taarifa iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kifungu hicho ni kizuri, lakini utekelezaji wake kwa kawaida hutegemea mshauri wa mradi, ambaye humpa kazi ya kutafsiri mtu yeyote aliye karibu. Matokeo yake ni Kiswahili kinachofuata Kiingereza neno kwa neno, chenye virai nomino vya mistari mitatu, ambacho mwenyekiti wa mtaa hukigonga muhuri bila kukimaliza. Hapa idara zetu zina nafasi iliyo wazi. Tunafundisha tafsiri kwa matini za fasihi na za magazeti. Muhtasari wa tathmini ya mradi wa barabara ya Mbagala au wa bomba la majitaka la Kawe ungefaa zaidi kuwa zoezi la darasani, na baada ya kusahihishwa ungeweza kupelekwa ukasomwe mkutanoni.

Jambo la pili linavihusu vyuo vyote. Tasnifu nyingi zimeandikwa kuhusu Tandale, Manzese, Keko na Vingunguti. Karibu zote ziko kwa Kiingereza na ziko rafu ya maktaba iliyo kilimani. Mkazi aliyekaa saa mbili akijibu dodoso hajui lilizaa nini. Pendekezo la makala haya ni dogo: kila tasnifu iliyokusanya data katika mtaa iwe na ikisiri ya Kiswahili ya kurasa mbili, na nakala yake iachwe katika ofisi ya serikali ya mtaa huo, baada ya mwandishi kuisoma mbele ya watu na kuulizwa maswali. Kanuni za shahada za uzamili zinaweza kurekebishwa na seneti bila fedha za mfadhili. Pingamizi linaloweza kutolewa ni kwamba wanafunzi wa uhandisi na wa mipango miji hawawezi kuandika Kiswahili cha namna hiyo. Wengi hawawezi, ni kweli, na sababu ni kwamba tangu kidato cha kwanza hakuna aliyewaomba waeleze sayansi kwa lugha wanayoizungumza nyumbani.

Kazi ya tatu ni ya kamusi. Maneno ya wazoa taka, ya vyura, ya wachimba mitaro na ya wauza maji ya madumu yanapaswa kukusanywa kwa utaratibu, pamoja na matumizi yake katika sentensi kamili na mtaa yanakosikika. Orodha ya awali ingeanza na kutapisha, kuzibua, jalala, dampo, karo, chemba na mtaro, kwa kuwa hata haya yanayofahamika hayana maana moja kutoka Kinondoni hadi Temeke: chemba ya fundi wa Sinza si lazima iwe chemba ya mpangaji wa Tandika, na mhandisi anayeandika mwongozo wa matengenezo anahitaji kujua ni ipi anayoitaja.